Kamera ya Kuinama

Mjukuu wangu alipofungua mkoba wake wa kamera juu ya meza yangu hapa Ruiru, Jumapili moja baada ya chakula, harufu ilinifikia kabla ya kamera yenyewe. Ilikuwa harufu ya mpira mpya. Lakini pua ya mtu mzima haina adabu: ukiipa hiki, inakwenda kuchukua kile. Mimi nilinusa ngozi iliyopakwa rangi ya viatu, na chini yake ule uchachu mtamu wa maganda ya kahawa yaliyorundikwa nje ya kiwanda, mvua ikiwa imeyanyeshea usiku. Nilinusa mkoba wa Baba.

Mjukuu alikuwa na rafiki yake, na wote wawili hupiga picha za kujifurahisha: ndege, maua, harusi za jamaa. Walikuwa wakibishana. Mmoja alisema bila lenzi nzuri mtu anajisumbua bure. Mwingine alisema picha hupigwa na jicho, si chombo. Waliponigeukia niamue, nikacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Ubishi huo niliulea mgongoni. Nimeusikia tangu nikiwa na miaka tisa hivi, katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili kwenye shamba la kahawa hapa hapa Ruiru, na waliokuwa wakibishana walikuwa baba yangu na mama yangu.

Baba alisimamia mashine za kumenya kahawa. Msimu ukifika, alirudi nyumbani na vidole vyekundu na masikio yaliyojaa mngurumo, akawa anatuzungumzia kwa sauti ya kiwandani hata akiomba chumvi. Maisha yake yote aliyapima kwa mashine. "Mashine mbovu," alipenda kusema, "haijui tofauti ya kahawa na kidole." Kwa hiyo alipoanza kupenda picha, aliingia kwa mlango huo huo wa vyombo.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa boksi tu. Boksi jeusi la ukubwa wa kibweta cha majani ya chai, lenye tundu mbele, kitufe pembeni, na juu yake kidirisha cha kioo kisichozidi ukucha wa dole gumba. Hukuiweka jichoni. Uliishikilia tumboni kwa mikono miwili, ukainamisha kichwa, ukatazama chini ndani ya kile kidirisha, na humo uliwaona watu wadogo kama siafu, aliye kulia akiwa kushoto. Ukibonyeza, ilitoa sauti kama mtu anayevunja njugu kwa jino. Kwa boksi hilo Baba alimpiga Mama picha walipokuwa wachumba.

Kisha akapata kamera ya pili, na ya kwanza akanipa mimi. Ya pili ilikuwa na pete za chuma zilizozunguka kwa ulaini wa siagi, na namba, na mkoba wa ngozi niliousema. Hiyo uliipeleka usoni. Ulifumba jicho moja na lile jingine ukalibandika kwenye tundu la nyuma. Jumapili baada ya kanisa watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walimpangia foleni, na Baba akawa anazungusha zile pete, anarudi nyuma, anapiga goti, anasimama, hadi watoto wachanga waliokuja wakicheka wakapigwa picha wakilia.

"Baba Wangari," Mama aliita kutoka mlangoni, "mpaka umalize kuzungusha, huyo mtoto atakuwa ameota meno."

"Picha ni chombo," alijibu Baba bila kugeuka.

"Asiyejua kucheza husema uwanja ni mbovu."

"Na anayejua kucheza, mpe uwanja wa miba tumwone."

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mwaka ninaousimulia, nyanya yangu mzaa mama aliamua kushonwa masikio. Cucu, kama tulivyomwita, aliishi kijijini ng'ambo ya mto Chania, kule juu ya Thika. Alikuwa wa kizazi cha wanawake waliotobolewa masikio wakiwa wasichana na kuyatanua mwaka hadi mwaka, mpaka ncha zake zikawa vitanzi virefu vya ngozi vilivyogusa shingo. Humo alivaa hang'i, zile pete kubwa za shanga ambazo mama mwenye watoto wakubwa huzivaa kwa heshima. Alipotembea zililia taratibu, chaka chaka, na mbuzi wake waliujua mlio huo kuliko sauti yake.

Lakini alikuwa ameingia darasa la ubatizo, na wa rika lake wote darasani walikwisha kushonwa hospitalini. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu kwamba hataki kuinama kwenye maji ya ubatizo halafu masikio yake yatangulie kubatizwa kabla ya kichwa. Alisema hivyo akacheka, nasi tukacheka, ila Mama hakucheka.

Mama alikuwa na sababu. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, wala hakuna aliyekuwa na kamera. Uso ule ulimpotea kidogo kidogo. Kwanza pua, kisha mdomo, mwishowe akabaki na koti tu na kikohozi. "Najua alikohoa vipi," aliniambia siku moja tukichambua mboga. "Sijui alifanana na nani." Na masikio ya mama yake aliyajua kuliko uso. Alibebwa mgongoni miaka miwili, na kutoka mgongoni kitu unachokiona, unachokivuta, unachotia mdomoni ukilia, ni sikio. Sasa masikio hayo yangekatwa na kushonwa, na siku ilikuwa imepangwa.

"Nataka picha moja," alimwambia Baba. "Mimi na mama yangu, na masikio yake, na uso wake ukionekana. Nyingine zote ulizopiga waweza kuzitupa."

Baba hakujibu kwa mzaha siku hiyo. Alichukua kitambaa akaanza kusafisha lenzi.

Hapa lazima niwaeleze vijana wa leo jambo moja. Kwetu, wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kutotazamana. Wakikutana njiani, Cucu aliingia nyasini na kuvuta shuka kando ya uso, na Baba alipita akiwa ameitazama miguu yake. Salamu walipeana kwa mbali, mmoja akisalimia ardhi na mwingine akiisalimia migomba. Halikuwa jambo la chuki. Baba alimletea sukari, Cucu alimtumia maziwa ya mgando kwenye kibuyu bora kuliko vyote. Lakini uso kwa uso, hapana. Baba alikuwa ameoa miaka kumi na zaidi, na sidhani kama angemtambua mama mkwe wake sokoni kama si kwa mlio wa shanga.

Kosa la Baba lilianzia hapo. Aliamini kwamba kamera ingemficha. "Nikiwa nyuma ya kamera, mimi sipo," alimweleza Mama tukiwa kwenye treni ya kwenda Thika. "Inayotazama ni lenzi. Lenzi haijaoa kwenu."

Mama alitazama nje kwenye mashamba ya mkonge.

Kusafiri miaka hiyo ya Hali ya Hatari ya wakoloni kulihitaji ruhusa, kwa hiyo kila safari ilikuwa na uzito wake. Tulivuka Chania, tukapanda mlima, tukafika. Cucu alikaa kwenye kigoda, Mama kando yake chini. Baba akasimama kwa mbali, akatazama pembeni kwa adabu, kisha akainua kamera usoni. Pale pale Cucu akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa na jirani. Baba akazunguka upande wa pili. Jirani naye, ni kama alihama, maana Cucu aligeukia kule kwingine. Ikawa wanazungushana kama jogoo na kivuli chake. Filamu ikaisha.

Picha ziliporudi kutoka studio ya Thika tulizitandika mezani. Bega la Cucu. Shuka la Cucu. Kisogo cha Cucu, wazi kabisa, kila unywele ukihesabika. Na Mama katika kila moja, akitabasamu peke yake kama aliyepigwa picha na gunia.

"Ni jua," alisema Baba. "Jua linamchoma machoni."

Mwenye studio, mzee wa Kihindi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, alikubaliana naye kabisa. "Kamera yako iko muzuri sana," alisema. "Lakini bila hii ni bure." Akatoa kifuniko cha kukinga jua mbele ya lenzi. Safari ya pili tukaenda na kifuniko, na pia miguu mitatu ya mbao ya kusimamishia kamera, ili Baba abonyeze akiwa kando. Lakini ili kuipanga ilibidi kwanza achungulie, na alipochungulia tu Cucu akakumbuka chungu chake jikoni. Safari hiyo tulirudi na picha nzuri mno ya kiwiko.

"Kuku wangu wote wameuzwa wakaingia ndani ya huo mkoba," Mama alisema, "na hakuna hata mmoja aliyetaga."

"Tatizo niko karibu mno. Lenzi ndefu ndiyo dawa. Nitasimama mbali kabisa, hata hatajua."

Mzee wa studio alimwazima lenzi ndefu. Ilikuwa Jumapili ya mwisho. Wiki hiyo hiyo Cucu angekwenda hospitalini. Njiani kupanda mlima Mama alitembea mbele kwa haraka, na nilijua bila kuambiwa kwamba leo tukirudi na kiwiko, kitu kitavunjika nyumbani kwetu ambacho pete za chuma hazitakitengeneza.

Baba alijipanga nyuma ya banda la mbuzi la jirani. Ile lenzi ilichomoza kwenye fito kama bomba. Cucu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Akainua macho, akaiona, akaweka ungo chini polepole, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa tayari ndani, kando ya mafiga, nikila kiazi kilichofukiwa kwenye majivu. Nina jina lake, Wangari kama yeye, kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita mwenzangu, na mbele yangu hakuficha neno. Mama alimfuata akapiga magoti.

"Mama, unaniua. Unaogopa nini? Ni chuma tu."

"Chuma nimeona," alisema Cucu. "Siogopi chuma. Lakini mumeo ananitazama kwa jicho moja. Hata yale mawili hatujawahi kutazamana, sasa aje na moja! Analifumba hili, analitoa lile, kama mtu anayelenga." Akashusha sauti. Miaka ile hapakuwa na mtu aliyependa kulengwa. "Mkwe wangu ni mtu wa heshima. Mwenzangu, si ni mtu wa heshima?"

"Ni wa heshima, Cucu," nilisema na kiazi mdomoni.

"Basi mbona akija na kile kitu anaiacha heshima nyumbani?"

Mama aliutazama moto, kisha akanitazama mimi, na kisha akatazama kifuani pangu. Boksi langu lilikuwa limening'inia shingoni kwa kamba ya mkonge. Sikuwahi kuliacha, nilikuwa nimelimalizia filamu karibu yote kwa ndama na kwa miguu yangu mwenyewe. Kwenye kitundu chekundu cha nyuma namba ilionyesha kuna picha moja imebaki.

Alinivua lile boksi bila kuniomba. Nilimfuata nje mbio. Baba alikuwa ametoka nyuma ya banda, jasho likimtiririka, ile lenzi ndefu mkononi kama mtu aliyekamatwa na muwa wa shamba la wenyewe.

"Tumia hii," alisema Mama.

"Hiki? Hiki ni kidude cha mtoto! Hakina hata pete moja. Mwanga wenyewe unaondoka."

"Ulinipiga mimi kwa hiki."

"Ulikuwa mchana."

"Ulikuwa mchana, na ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba. Nami nikasema moyoni, huyu mtu amelelewa." Akamwekea boksi mikononi. "Inamisha hivyo hivyo."

Naomba kuipiga mimi, nilisema, ni yangu. Baba alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mikono yako inatetemeka, mama," alisema kwa upole, maana mwenye jina la mzee huitwa hivyo kwetu, "na ipo moja tu." Alivua kofia. Sikujua kwa nini anavua kofia.

Cucu alitoka akiwa amefunika nusu ya uso. Akakaa. Mama akakaa chini kando yake, akaegemea goti lake. Baba alisimama hatua chache mbele yao, karibu kuliko alivyowahi kusimama, boksi tumboni, kichwa chini, macho kwenye kile kidirisha cha ukubwa wa ukucha. Mtu aliyepita njiani angedhani anaungama.

Cucu akaachia shuka likashuka mabegani.

"Hĩ!" alisema. "Sasa huyu ndiye mkwe niliyempa mtoto. Ona anavyotazama chini." Akatikisa kichwa, hang'i zikalia chaka chaka. "Mwambie asiache masikio yangu nje. Hayo ndiyo aliyokuja kuyachukua."

Mama akacheka. Cucu, aliyekuwa akijizuia, naye akacheka bila kufunga mdomo. Na Baba hakubonyeza.

Nilidhani boksi limekwama. Nilimkaribia nikamnong'oneza kwamba kitufe kiko pembeni, kulia. Alikuwa ameinama tu, hajongei, pumzi ameishika. Cucu alizidi kutazama mbele, kicheko kikitulia usoni taratibu kama maji ya beseni. Ndipo njugu ikavunjika.

Siku ya kuichukua picha studio, Baba alikwenda nami Thika. Mzee wa studio alishusha miwani ya kipajini na kuiweka juu ya ile ya puani. Aliangalia muda mrefu. Pembe moja ilikuwa imefifia, na mwanga ulikuwa umepenya mahali ukaacha mstari mweupe juu ya paa la nyasi. Lakini katikati walikuwapo, mama na binti, na vile vitanzi viwili virefu vya masikio, na uso.

"Hii lenzi yangu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Baba, akiirudisha ile lenzi kaunta. "Ni ile kamera ya kuinama."

Cucu alishonwa, akabatizwa, na kwa miezi mingi mkono wake ulipanda shingoni kutafuta kisichokuwapo, kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Mbuzi walichelewa kumzoea. Picha ilikaa kwa Mama ukutani juu ya meza, na sasa ipo kwangu. Msifikiri Baba aliitupa kamera ya pete za chuma. Aliipenda hadi uzeeni, na kwa kamera hiyo alipiga maua ya kahawa baada ya mvua, kila petali na tone lake, picha ambazo boksi langu lisingeziweza hata likiombewa. Mama mwenyewe alizitundika. Ubishi wao haukuisha; ulipata tu mfano mwingine wa kurushiana.

Ila kuna mambo mawili niliyoyasikia wiki ile ile nikayaweka mbalimbali kichwani, kama mtoto anavyoweka. La kwanza: tukirudi kwenye treni jioni ile, Baba alimwambia Mama, kama anayezungumza na dirisha, "Kumbe mama yako ana kovu dogo juu ya nyusi. Na mkicheka, ni mtu mmoja." La pili: Cucu, nilipomwendea hospitalini na kichwa chake kimefungwa vitambaa, aliniita karibu. "Mwenzangu," alisema, "sikujua baba yako nywele zimeanza kumwisha utosini. Mwambie mama yako amshonee kofia nzuri."

Ilinichukua miaka mingi, nikiwa na wakwe zangu mwenyewe, kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Boksi halikuwa limekwama. Yeye alikuwa ameinama akimtazama Cucu ndani ya kioo cha ukucha, akiamini haonekani anatazama. Cucu alikuwa akimtazama yeye utosini, akiamini hatazamwi. Miaka yote ile ya sukari na maziwa ya mgando, hapo ndipo walipoonana, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Baba hakuchelewa kubonyeza kwa sababu ya mwanga. Alikuwa hajamaliza.

Namshukuru kwa kuchelewa kule. Namshukuru Mama aliyejua kamera ipi inamwinamisha mtu, na Cucu aliyeachia shuka.

Niliitoa picha ukutani nikawapa wale vijana wawili. Waliigeuza kwenye mwanga, wakaupata ule mstari mweupe, wakaiona pembe iliyofifia, wakasema walichosema kuhusu lenzi. Kisha mjukuu wangu akaiinamia.

"Cucu," akaniuliza, maana sasa cucu ni mimi, "huyu mama wa masikio marefu anamtazama nani hivi?"

"Mkwe wake," nikamwambia.

Akaiinamia tena.